SOMO LA KUJADILIANA: MGANGA HAJIGANGI
Namna ya kubeba pamoja mzigo wa wanaohudumia wenye virusi vya Ukimwi



Tumezoea kuzungumza katika kurasa hizi juu ya mashamba, juu ya kabila na kabila, juu ya wapokeaji na wapokelewa. Safari hii tunatazama watu wachache wanaoishi katikati yetu, na ambao bila wao amani ya familia nyingi ingevunjika. Hao ni wale wanaowahudumia wenye virusi vya Ukimwi, ugonjwa ambao wengi wetu huuita sida. Tunawaona wakipita na mkoba na kitabu, wanaingia hema hili, wanatoka hema lile. Mara chache tunajiuliza: je, wao wanalalaje usiku?

Lengo la somo: mwishoni mwa somo hili kila mshiriki aweze (1) kueleza kwa nini kazi hii inachosha kuliko inavyoonekana, (2) kutambua dalili za mhudumu aliyelemewa, (3) kutaja mambo ambayo wahudumu wenyewe wanaweza kufanya, na (4) kuchagua jambo moja ambalo kiongozi au familia inaweza kufanya mwezi huu.

Muda: saa mbili, au mikutano miwili ya saa moja moja.
Vifaa: hakuna. Kama kuna ubao, vizuri.

1. TUNAWAZUNGUMZIA NANI?

Si daktari peke yake. Kuna mwuguzi wa kituo cha afya anayetoa dawa. Kuna mtu wa maabara anayepima damu. Kuna mshauri anayempa mtu jibu la kipimo. Kuna RECO, yaani mhudumu wa afya wa mtaani, ambaye anapita nyumba kwa nyumba na mara nyingi hana mshahara. Kuna pia waelimishaji rika, watu ambao wenyewe wanaishi na virusi na wanawatia moyo wenzao wameze dawa. Na kuna mama, dada au binti anayemhudumia mgonjwa nyumbani: anamwogesha, anampikia uji, wala hakuna anayemhesabu kama mfanyakazi.

Jambo moja tuliweke wazi tangu mwanzo. Ukimwi wa leo si ule wa miaka ya 1990. Siku hizi watu wazima wengi wenye virusi humeza kidonge kimoja tu kwa siku. Anayemeza vizuri mpaka virusi visionekane tena kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Ataishi, atalima, atazaa. Kwa hiyo kazi ya mhudumu imebadilika pia. Zamani ilikuwa kusindikiza watu kaburini. Sasa ni kumshika mtu mkono miaka na miaka, asiache dawa. Lakini vita, njaa na kuhamahama vinaivunja kazi hiyo kila mara, na hapo ndipo uchovu unapoanzia.

2. MIZIGO YA KAZI HII

Mzigo wa kwanza: siri

Mizigo mingine iko katika kila kazi ya afya. Huu wa siri ni wa kazi hii hasa, kwa hiyo tukae nao kidogo.

Fikirini mshauri mmoja katika kambi ya familia elfu moja. Yeye peke yake anajua nani ana virusi. Anajua kwamba jirani yake ni mmoja wao. Anajua kwamba bwana harusi wa Jumamosi ijayo hajamwambia mchumba wake, na kwamba mchungaji fulani, au mwalimu fulani, anakuja kuchukua dawa jioni akijifunika kofia. Mahema yamebanana, ukikohoa jirani anasikia. Akirudi kwake hawezi kumwambia mume wake ni nini kilichomliza leo. Akikutana na mgonjwa wake kisimani, lazima ajifanye hamjui.

Hata kilioni siri inamfuata. Mgonjwa aliyemhudumia miaka mitatu amefariki, na watu wamekaa matangani. Yeye anatamani kulia kama wengine, lakini akilia sana watu watauliza, "Huyu alikuwa nani kwake?" Basi anakaa na macho makavu, anakunywa chai, anarudi nyumbani na machozi yake.

Siri hii si desturi tu. Hapa kwetu Sheria namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008 inalinda haki za watu wanaoishi na virusi na inakataza kuwabagua. Mhudumu anayetoa siri anavunja sheria, na zaidi ya hapo anavunja maisha ya mtu: mke anafukuzwa, mpangaji anatolewa nyumbani, mtoto anatengwa shuleni. Kwa hiyo hatuwezi kumwambia mhudumu, "Toa siri upate kupumua." Ni lazima tutafute njia ya kumpumzisha bila siri kutoka. Tutaiona katika sehemu ya 5.

Mzigo wa pili: kupoteza wagonjwa

Mwanzoni mwa mwaka 2025 vita vilifika Goma, kisha Bukavu. Makambi makubwa ya kandokando ya Goma, kama Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya, yalibaki matupu mwezi wa Februari. Watu walibeba bashi na sufuria, wakatawanyika. Fikirini mhudumu aliyekuwa na fishi za wagonjwa mia moja. Mmoja alirudi Masisi, mwingine alielekea Minova, mwingine haijulikani. Anajua kwamba mtu akikaa bila dawa virusi vinaongezeka tena mwilini. Anajua majina, lakini hana pa kuwatafuta. Huo si msiba wenye kaburi. Ni msiba usio na mwisho, na kila simu ikilia usiku anashtuka.

Mwezi huohuo wa Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kazi nyingi za Ukimwi katika Afrika zilisimama au zilipunguzwa. Mgonjwa hajui habari za Washington. Yeye anamwona mhudumu tu, na swali lake ni moja: "Mwezi ujao dawa itakuwepo?" Mhudumu hana jibu, lakini ndiye anayesimama mbele ya macho yale.

Mzigo wa tatu: hofu ya kuambukizwa

Mwuguzi anadunga sindano taa ikiwa hafifu. Mkunga anazalisha na glavu zimeisha. Hofu hii ni ya kweli, lakini mara nyingi ni kubwa kuliko hatari yenyewe, kwa kuwa watu hawana habari kamili. Mtu akijichoma na sindano yenye damu ya mwenye virusi, na asipate dawa yoyote, anayeambukizwa ni karibu watu 3 katika 1000. Akianza dawa za kinga mapema, hatari inapungua tena sana. Dawa hizo zianzwe haraka iwezekanavyo, zisipite saa 72, na zimezwe siku 28 bila kukatiza.

Viongozi, shikeni hesabu hiyo ya saa 72, maana ndiyo hiyohiyo kwa mama, msichana au mvulana aliyebakwa. Kumpeleka kituo cha afya siku hiyohiyo ni kumwokoa. Kukaa kwanza katika baraza siku nne mkijadili faini ni kumpotezea nafasi.

Mzigo wa nne: unyanyapaa unamrukia na mhudumu

"Mbona kila siku anashinda na wale? Naye anao." Watu wanakataa kula sombe aliyopika. Wengine wanasema anakula pesa za wagonjwa. Kwa mwelimishaji rika mambo ni mazito mara mbili: kila mgonjwa anayezidiwa ni kama kioo, anajiona mwenyewe ndani yake.

Mzigo wa tano: naye pia amehama

Hili tunalisahau. RECO wa kambini naye alikimbia. Naye amefiwa, naye analala chini ya bashi linalovuja, watoto wake nao wamefukuzwa shule kwa kukosa ada. Anawafariji watu kwa msiba ambao ni wake pia.

Maswali ya kujadiliana:
- Katika mizigo hii mitano, ni upi uliokuwa haujawahi kuufikiria?
- Katika kambi au mtaa wetu, watu husema nini juu ya wahudumu wa wenye virusi? Maneno hayo yanatoka wapi?

3. DALILI ZA MTU ALIYELEMEWA

Mwaka 1974 mganga mmoja wa nafsi huko Marekani, Herbert Freudenberger, aliandika juu ya watu wa huduma wanaofanya kazi kwa moyo mkubwa mpaka wanaishiwa, kama taa iliyomaliza petroli. Baada yake mtaalamu Christina Maslach alionyesha kwamba kuishiwa huko kuna sura tatu. Shirika la Afya Duniani (OMS) nalo limelitambua jambo hili mwaka 2019, likisema kwamba linatokana na mkazo wa kazi wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa. Angalieni vizuri: linatokana na kazi. Mtu hakuzaliwa mvivu wala dhaifu.

Sura tatu ni hizi:

a) Uchovu usioisha. Anaamka asubuhi akiwa amechoka kuliko alivyolala. Kichwa kinauma, tumbo linauma, usingizi umekimbia.

b) Moyo kuwa baridi. Yule aliyekuwa mpole anaanza kufoka. Hasemi tena "Mama yule", anasema "fishi namba 46". Anachelewa kwa makusudi. Anacheka mambo yasiyochekesha. Wagonjwa husema, "Siku hizi ana kiburi." Mara nyingi si kiburi. Ni ngozi ngumu aliyoiota ili asiumie tena.

c) Kujiona hafai. "Nimefanya kazi miaka sita, nimebadilisha nini? Wanakufa tu."

Kwa nini gazeti la amani lijali mambo haya? Kwa sababu sura ya pili inazaa ugomvi. Mgonjwa aliyetukanwa mbele ya watu harudi tena kuchukua dawa. Kama mhudumu ni wa kabila moja na mgonjwa ni wa kabila lingine, neno moja la hasira linatosha. Kesho yake kambi nzima inasema, "Watu wale wanatunyima dawa." Uchovu wa mtu mmoja umegeuka kuwa mgogoro wa watu wengi. Mpatanishi mwenye busara, kabla ya kuuliza nani alimtukana nani, anauliza pia: mhudumu huyu amefanya kazi siku ngapi bila kupumzika?

4. NJIA ZISIZOSAIDIA

Tuzitaje bila kumhukumu mtu. Wengine hutuliza moyo kwa kasiksi au kanyanga kila jioni. Usiku unapita, asubuhi mzigo uko palepale na deni juu yake. Wengine hujifunga ndani ya kazi, hawakubali hata Jumapili moja, wakidhani wakipumzika mtu atakufa. Wengine humalizia hasira nyumbani, kwa watoto au kwa mke. Na wengi hunyamaza, kwa sababu tumefundishwa kwamba mwanaume halii na kwamba mganga ni lazima awe imara.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Hawakumtukana mganga. Walitukumbusha kwamba hata anayetibu wengine anahitaji mkono wa mwingine.

5. NJIA ZINAZOSAIDIA

Jambo hili si geni. Mwaka 1987 huko Uganda, Noerine Kaleeba, ambaye mume wake alikuwa amefariki kwa Ukimwi mwezi wa Januari, alianzisha na wenzake shirika la TASO. Walianza kama kikundi kidogo cha watu walioguswa na ugonjwa huo, wakikutana ili kusaidiana. Mwaka 2000 ONUSIDA ilitoa kitabu kizima juu ya kuwatunza watunzaji, kwa kutazama kazi ya Uganda na Afrika Kusini. Tunayoyataja hapa chini yanawezekana hata pasipo mradi.

a) Kikundi cha kupumua

Wahudumu sita mpaka kumi wakutane mara moja kila majuma mawili, saa moja tu, mahali ambapo sauti haitoki nje. Anayeongoza asiwe mkubwa wao wa kazi, maana mbele ya mkubwa watu husema yanayopendeza. Kanuni zake ni tano:

- Hatutaji jina, hema, avenyu wala kabila la mgonjwa.
- Hatusimulii kisa cha mgonjwa. Tunasema kilichotupata sisi. Badala ya "Kuna mama aliyefiwa na mapacha", ambaye kambi nzima inamjua hata bila jina, sema: "Juma hili nilitoa jibu moja zito, na tangu siku hiyo silali."
- Hakuna anayelazimishwa kusema. OMS haishauri kumshurutisha mtu asimulie upya mambo mabaya aliyoyaona. Kuja na kukaa kimya pia ni kushiriki.
- Hatutoi hotuba wala lawama. Tunasikiliza, kisha tunauliza: "Unahitaji nini kwetu?"
- Yaliyosemwa hapa yanabaki hapa.

Kanuni ya pili ndiyo ufunguo wa somo zima. Siri ni ya mgonjwa, lakini uchungu ni wa mhudumu. Siri ya mgonjwa haitoki, uchungu wa mhudumu unaruhusiwa kutoka. Anayejua kutenganisha vitu hivi viwili anaweza kupumua na bado akawa mwaminifu.

b) Kuomboleza pamoja

Mara moja kwa mwezi kikundi kikae kimya dakika chache kwa ajili ya waliofariki na waliopotea njiani, bila majina. Wengine huweka jiwe dogo katikati, wengine huwasha mshumaa. Kila mtu aombe kwa dini yake au anyamaze. Mhudumu aliyenyimwa kulia matangani apate hapa mahali pa kulia.

c) Kupanga mbele ya hatari

Hofu inapungua mtu akijua atafanya nini. Madaktari wasio na mipaka (MSF) walianza kutoa dawa za Ukimwi Bukavu mwaka 2003. Vita vilipoingia mjini mwaka 2004, matibabu hayakuvurugika sana, kwa sababu mpango wa dharura ulikuwa umetayarishwa mapema. Sisi pia tunaweza kujiuliza wakati wa utulivu. Risasi zikilia, nani anabeba rejista, au inafichwa wapi? Kila mgonjwa ana dawa za akiba za siku ngapi? Anajua jina la dawa yake, ili aombe dawa ileile katika kituo cha afya atakachofikia? Mgonjwa akijua hayo, mhudumu naye analala.

d) Kugawana kazi

Mwaka 2010 Kinshasa, MSF pamoja na mtandao wa watu wanaoishi na virusi walifungua vituo vidogo vya kugawa dawa mtaani, vinavyoitwa PODI. Mgonjwa ambaye hali yake ni nzuri hapangi tena mstari hospitalini. Anachukua dawa za miezi kadhaa kwa wenzake, na wanaomhudumia wenyewe wanaishi na virusi. Hivyo mwuguzi anabaki na nafasi ya kumwangalia aliyezidiwa. Kwa hiyo mhudumu mmoja mwenye wagonjwa wengi mno asiambiwe tu "jikaze". Hesabu ipunguzwe, au mikono iongezwe.

e) Kutuliza mwili

Mwaka 2020 OMS ilitoa kitabu cha picha juu ya namna ya kukabili mkazo. Zoezi moja rahisi, linalofanana na yale ya humo, ni hili. Kaa au simama. Kandamiza miguu chini uone ardhi imekubeba. Vuta pumzi polepole, itoe polepole zaidi, mara kadhaa. Angalia vitu vitano vilivyo mbele yako, sikiliza sauti tatu. Mawazo mabaya hayafukuzwi. Yanaachwa yapite, nawe unarudi kwenye kazi iliyo mkononi. Fanya hivyo kabla ya kumwita mgonjwa anayefuata, hasa baada ya kutoa jibu gumu. Dakika mbili zinatosha.

f) Kujua lini kutafuta msaada zaidi

Mhudumu akikosa usingizi majuma mawili mfululizo, akinywa kila siku, au akisema afadhali kufa, hilo si la kikundi tena. Asiachwe peke yake. Asindikizwe kwa daktari au kwa mshauri wa nafsi katika zoni ya afya, kama vile yeye anavyowasindikiza wengine.

6. KWA VIONGOZI: MSIOMBE ORODHA

Sehemu hii ichezwe na watu wawili mbele ya kikundi.

PREZIDA WA KAMBI: Karibu, Mama. Habari ya kazi?
MHUDUMU: Nzuri, Papa Prezida. Habari ya nyumbani?
PREZIDA: Tuko tu. Mama, kuna unga unakuja Ijumaa. Tumesema wagonjwa wa sida wapate kwanza. Basi niandikie majina yao.
MHUDUMU: Asante kwa kuwafikiria, Papa. Lakini majina siwezi.
PREZIDA: Mimi ndiye baba wa kambi hii! Unanificha watoto wangu?
MHUDUMU: (anakaa kimya)

Simamisheni mchezo hapo. Waulizeni wasikilizaji: Prezida ana nia mbaya? Hapana, anataka kusaidia. Mhudumu ana dharau? Hapana, analinda watu. Je, siku ya Ijumaa, mstari ule wa "wa kwanza" ukipangwa mbele ya kambi nzima, nini kitatokea Jumamosi?

Sasa rudieni mchezo na mwisho mwingine:

MHUDUMU: Papa, nikikupa majina leo, kesho hakuna atakayekuja kupimwa, na ugonjwa utaenea kwa watoto wako wote. Naomba tufanye hivi. Kituo cha afya kitoe jetoni kwa wenye magonjwa ya muda mrefu: wa sukari, wa presha, wa kifua kikuu, na wengine. Jetoni zote ziwe za rangi moja. Wewe ugawe unga kwa jetoni, bila kuuliza ugonjwa.
PREZIDA: Na nitajuaje kwamba hamnidanganyi?
MHUDUMU: Hesabu ya jetoni tutakuonyesha. Majina yabaki kwa muganga.
PREZIDA: Basi. Hesabu nitaipokea, majina hapana.

Viongozi, kila mnapoomba orodha mnamweka mhudumu kati ya ninyi na dhamiri yake, na huo ni mkazo mzito kuliko safari ya kilometa ishirini kwa mguu. Mnaweza kumpunguzia mzigo kwa mambo mengine pia:

- Hema la huduma lisiwe la sida peke yake, wala kusiwe na "siku ya wa sida". Dawa zote zitolewe mlango mmoja.
- Mkisikia uvumi juu ya mhudumu, ukateni katika mkutano wa wazi. Mkinyamaza, watu wataona mmekubali.
- RECO aliyeshinda kazini asipangiwe tena zamu ya ulinzi wa usiku au kazi ya kusafisha kambi siku hiyohiyo.
- Mtambulisheni kwa wageni kama mnavyomtambulisha mwalimu. Heshima haina bei.

7. KWA FAMILIA YA MHUDUMU

Mume, usimwulize, "Leo ulimwona nani?" Mwulize, "Leo ilikuwaje kwako?" Swali la kwanza linamfunga, la pili linamfungua. Akirudi, mpe nusu saa kabla ya kumwekea madeni na kuni. Watoto wakubwa wachote maji. Kama mko katika likirimba au AVEC, msimkate faini anapokosa mkutano kwa ajili ya mgonjwa. Wekeni kanuni mapema.

Na ndugu anayemhudumia mgonjwa wake mwenyewe nyumbani naye apate mtu wa kumpokea hata siku moja kwa juma, aende sokoni, aende kanisani au msikitini, au alale tu.

8. MASWALI YA MWISHO NA AHADI

- Kuna methali inayosema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maana yake, mzigo wa mwingine tunauona mwepesi. Ni mzigo wa nani hapa kwetu tumeuona mwepesi kwa muda mrefu?
- Katika kambi au mtaa wetu, kuna jambo lolote linalotoa siri za wagonjwa bila sisi kukusudia: mstari, siku, rangi ya karatasi, mahali pa mlango?
- Risasi zikilia kesho, rejista ya kituo chetu cha afya iko salama?

Kikundi kichague jambo moja tu, kiandike nani atalifanya na lini. Mifano: kumwona mganga mkuu wa kituo juu ya jetoni za rangi moja, kutafuta chumba cha kikundi cha kupumua, au kuzungumza na kamati ya kambi juu ya zamu za RECO. Katika mkutano unaofuata mwanzeni kwa kuuliza: je, tulifanya?

Wahudumu mnaosoma ukurasa huu, kazi yenu haionekani, kwa sababu mkiifanya vizuri hakuna anayejua nani mlimsaidia. Nasi hatutawauliza majina. Tunawauliza tu habari zenu wenyewe, na tunataka jibu la kweli.